Vyuma Vipya, Mpira Bado Unapotea: Kukagua Fimbo za Gofu Baada ya Kupimiwa

Mwezi wa saba uliopita, mwanachama mmoja wa uwanja wetu hapa Lubumbashi alirudi kutoka Johannesburg na vyuma vipya (fimbo za gofu zenye kichwa cha chuma), kuanzia namba 5 mpaka weji, ile fimbo fupi ya kurusha mpira juu. Alipimiwa saa mbili nzima mbele ya mashine ya rada, ili fimbo zilingane na swingi yake (namna anavyozungusha fimbo), akalipa pesa ambayo wengine hununulia pikipiki. Wiki tatu baadaye alikuwa anatafuta mtu wa kumuuzia. Mipira yake ya namba 8 na 9 ilikuwa inaanguka kushoto ya grini (majani mafupi penye shimo), na alikuwa amekwisha kubadilisha mshiko mara mbili na kusogeza miguu mpaka akasahau alikuwa anasimamaje zamani. Aliyemtoa gizani ni kedi wake (mbeba begi lake), kijana asiyemiliki hata fimbo moja: "Mukubwa, weye unapiga muzuri. Ni fimbo njo iko nasimama mubaya. Angalia alama ya chini."

Alama ya mkwaruzo ilikuwa kisiginoni, yaani upande wa kichwa ulio karibu na mpini, safi kama imechorwa.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kubeba mabegi, sasa nabadilisha vishikio na mipini ya watu. Vyuma (wenzangu wengi hapa husema "fer", kwa Kifaransa) ndivyo vinavyoniletea wateja wenye hasira kuliko fimbo nyingine zote, na karibu wote wametoka kupimiwa. Kosa si la mpimaji kila mara. Mashine ilipima swingi yako ya siku moja, juu ya zulia, kwa mpira wa duka. Wewe unacheza juu ya udongo mwekundu uliokauka tangu mwezi wa tano. Kabla ya kulaumu mikono au kuuza fimbo, tenganisha mambo matatu: namna unavyougonga mpira, namna fimbo ilivyotengenezwa, na mahali unapochezea. Utaratibu ninaoufuata ndio huu. Naandika kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Vitu vya kutafuta kwanza

Skochi ya karatasi, makapeni inayofutika, kopo la dawa ya miguu ya unga (ile ya kupuliza), futi ya fundi cherehani, na mipira ishirini ya aina moja, aina ileile unayochezea siku ya mashindano. Mipira ya uwanja wa mazoezi haifai kwa vipimo vya umbali: mingi imetengenezwa isiende mbali, na iliyobaki imechoka. Na majaribio yote fanya juu ya nyasi. Zulia ni rafiki mnafiki. Ukichota udongo sentimita 3 nyuma ya mpira, zulia huteleza fimbo mpaka ifike, mpira unaruka vizuri, na wewe unaondoka ukijisifu.

Tafuta pia mtu wa kusimama mbele, pembeni kabisa mwa mstari, akuonyeshe mpira ulipogusa ardhi. Kedi mzuri anafaa kuliko programu yoyote ya simu.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya vipimo, kisha hakikisha ulicholetewa ndicho ulichoagiza

Watu huikunja karatasi ile wakaiweka mfukoni mwa begi, isionekane tena. Itoe. Angalia kwanza umbali umeandikwa kwa kipimo gani. Ukipimiwa Dubai au kwa mtu aliyezoea mambo ya Marekani, namba ni za yadi. Yadi 150 ni mita 137. Nimeshaona mtu akilalamika mwezi mzima kwamba chuma namba 7 "kimepoteza" mita 13, na hakijapoteza kitu.

Pili, urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu. Hewa ni nyepesi kidogo, mpira unasafiri zaidi kwa asilimia 5 hivi kuliko mji wa pwani. Kwa hiyo mpira wa mita 140 wa Dubai, hapa ni karibu mita 147. Ila Johannesburg iko juu zaidi yetu, kama mita 1,700, kwa hiyo aliyepimiwa kule akirudi nyumbani anapungukiwa na mita 2 au 3 kwa kila chuma, bila kosa la mtu. Mashine nyingine huwekwa zirudishe hesabu zote kwenye usawa wa bahari. Muulize mpimaji wako: namba hizi ni za hapa au za usawa wa bahari? Ni ujumbe mmoja tu wa WhatsApp.

Halafu fimbo zenyewe. Zisimamishe zote ukutani, soli chini, kwa mfuatano. Kutoka chuma kimoja hadi kinachofuata, urefu wa kawaida hupungua nusu inchi, yaani sentimita 1.27. Ngazi ya vishikio ishuke sawasawa. Ukiona namba 6 na 7 ziko sawa, au kuna pengo la ghafla, umeshapata ugonjwa kabla ya kupiga mpira. Chuma namba 7 cha kawaida kina urefu wa inchi 37 hivi, sentimita 94. Kama karatasi inasema waliongeza nusu inchi, pima uione hiyo nusu inchi. Viwanda navyo hukosea kidogo: tofauti ya digrii moja katika lofti (pembe ya uso wa fimbo inayoinua mpira) au mlalo (tutauona hatua ya 3) huhesabiwa kuwa ya kawaida. Fimbo moja ikizidi digrii moja na jirani yake ikipungua digrii moja, umbali kati yake umeharibika.

Nilipata seti yangu ya kwanza ya maana kutoka duka moja la mbali, ambalo jina lake nalihifadhi. Miezi minne nilikuwa nasema namba 6 "hainipendi". Siku nilipoisimamisha karibu na namba 5 nikaona vichwa vyake vinalala tofauti kabisa. Sikuwa nimeangalia hata mara moja.

Hatua ya 2: Unagonga wapi usoni?

Usiruke hatua hii. Mlalo, mpini, lofti, yote hayo hayana maana kama hujui mpira unagusa wapi.

Puliza unga mwembamba wa dawa ya miguu juu ya uso wa chuma namba 7. Piga mpira mmoja. Alama ya duara itabaki. Piga picha kwa simu, futa, puliza tena. Fanya hivyo mara kumi. Usijipongeze kwa mpira mzuri wala usirudie mbaya; yote kumi inahesabiwa. Ukimaliza, zitazame picha pamoja.

Alama zikikaa pamoja katikati, chini kidogo ya nusu ya uso, kimbilia hatua ya 3. Zikitawanyika kama mahindi yaliyomwagika, tatizo ni la swingi au la uzito, na hakuna pembe ya fimbo itakayokuponya. Nenda kwa mwalimu kwanza. Zikikaa pamoja lakini pembeni, hapo fimbo inaingia kwenye orodha ya washukiwa.

Zikiwa upande wa ncha (ulio mbali na mpini), mara nyingi unasimama mbali mno, au fimbo ni fupi kwako. Sogea karibu kwa upana wa vidole viwili, piga mitano. Zisiporudi katikati, fikiria urefu. Zikiwa upande wa kisigino, shusha mikono kwenye kishikio kwa sentimita moja na nusu, piga mitano tena. Zikirudi katikati na kubaki hapo, fimbo zako huenda zimerefushwa kupita haja. Hili ni la kawaida siku hizi: mpimaji anaona namba za umbali zinapanda akirefusha, mteja anafurahi, na uwanjani mpira unaanza kugonga shingo ya fimbo na kuruka kulia kama panzi.

Kumbuka kwamba urefu na mlalo ni ndugu wa tumbo moja. Fimbo ikirefushwa nusu inchi, kwako inakuwa kana kwamba imesimama zaidi kwa digrii moja hivi. Aliyerefusha bila kulaza amekuletea tatizo la hatua inayofuata.

Na kabla ya kutoka uwanjani kwenda kushindana, futa unga wote. Sheria za gofu haziruhusu kupaka kitu usoni mwa fimbo kibadilishe mpira unavyoruka.

Hatua ya 3: Mlalo, yaani fimbo inavyosimama wakati wa kugonga

Mlalo ni pembe kati ya mpini na ardhi. Kwa chuma namba 7 ni digrii 62 au 63 hivi. Fimbo ikisimama mno kwako, kisigino hugusa chini kwanza na ncha inabaki juu, na uso unaelekea kushoto hata kama umeushika sawa. Ikilala mno, ncha inachimba, uso unaelekea kulia. Si lazima uamini maneno yangu: chukua weji, ishike mbele ya macho yako, inua ncha yake, uone uso wake unatazama wapi. Jaribu na chuma namba 4 utaona mabadiliko ni madogo zaidi. Kadiri lofti inavyokuwa kubwa ndivyo mlalo unavyoupeleka uso pembeni. Ndiyo maana yule mwanachama wetu aliteseka na namba 8 na 9, namba 5 ikawa haimsumbui sana, naye akadhani kwamba tatizo ni mikono kwenye fimbo fupi.

Watu wengi hubandika skochi kwenye soli wakapiga juu ya ubao, kisha wakasoma mkwaruzo. Jaribio hilo ni zuri lakini linadanganya kidogo, kwa sababu ubao unakufanya uogope kuchimba. Napenda zaidi jaribio la mstari:

Chora kwa makapeni mstari mnene mmoja juu ya mpira. Uweke mpira chini, mstari ukitazama uso wa fimbo na ukisimama wima kabisa, kama nguzo. Piga. Mstari utahamia usoni. Sasa shika fimbo mbele yako, mifereji ya uso ikiwa sambamba na ardhi, na usome.

Mstari ukisimama wima, mlalo wako ni sahihi, acha. Sehemu ya juu ya mstari ikiinama kuelekea ncha, fimbo inasimama mno, ncha ilikuwa juu wakati wa kugonga. Ikiinama kuelekea kisigino, fimbo inalala mno. Piga mitano kwa kila fimbo, angalau namba 5, 7 na 9, na uamini wastani. Mpira mmoja si ushahidi.

Mitego miwili. Wa kwanza ni mteremko. Uwanja wetu una sehemu ambazo jicho linaona tambarare na miguu inajua si tambarare. Mpira ukiwa juu ya miguu yako, hata fimbo sahihi itaonekana inasimama mno. Mwaga maji kidogo ardhini, yakikimbia, hama. Mtego wa pili ni wa kuitazama fimbo ukiwa umesimama tu kabla ya kupiga. Ncha ikiinuka kidogo, kiasi cha sarafu kupita chini yake, usishtuke. Fimbo ikishuka kwa kasi, mpini hujipinda ukishusha ncha, na kile kilichoonekana kuinuka kinalala sawa wakati wa kugonga. Mtu akikuuzia mabadiliko ya mlalo kwa kukutazama umesimama tu, mshukuru na uondoke.

Ni kiasi gani cha kosa? Digrii moja kwa chuma cha kati hukupeleka pembeni mita 2 hadi 4. Kwa hiyo mpira wako ukipotea mita 15 kushoto huku mstari unaonyesha kosa la digrii moja, mlalo ni sehemu ndogo ya habari. Mpira huanza safari ukielekea pale uso ulipotazama, kisha hupinda kulingana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Unaoanza kushoto na kwenda moja kwa moja bila kupinda, tazama mlalo na namna ulivyolenga. Unaoanza katikati kisha ukapinda kama ndizi, hiyo ni kazi ya mikono na njia ya fimbo. Hilo nenda nalo kwa mwalimu, si kwa fundi.

Kuhusu kupinda fimbo, nasema hivi kwa uchungu. Vyuma vilivyofuliwa kwa nyundo, vya chuma laini, hukubali kupindwa bila shida. Vilivyomiminwa kwenye kalibu, hasa vya chuma kisichoshika kutu, ni vigumu. Digrii moja au mbili kwa mtu mwenye mashine ya kushikia kichwa, zaidi ya hapo shingo inaweza kupasuka. Miaka ya nyuma nilimpelekea fundi mmoja kule Katuba, mtu hodari wa milango na magurudumu, namba 9 ya mteja. Aliishika kwenye jiliwa, akaipasha moto kidogo "ilainike", akavuta. Mlio niliousikia bado ninao masikioni. Niliilipa ile fimbo kwa miezi miwili. Fundi mchomeleaji hana kosa, kosa ni langu: sikuwa na haki ya kumpa kazi isiyo yake. Kama hakuna mwenye mashine ya kupindia vyuma karibu nawe, ngoja safari nyingine ya Johannesburg, au mtu wa kukupelekea. Wakati huo, lenga mita 3 upande wa pili. Si aibu.

Vile vyuma laini vina upande wake mbaya pia. Vinavyokubali kupindwa na fundi vinakubali pia kupindwa na mawe, mizizi na zulia gumu. Vikaguliwe mara moja kwa mwaka.

Hatua ya 4: Umbali, na mapengo kati ya fimbo

Piga mipira kumi kwa kila chuma, siku isiyo na upepo. Mtu wako wa mbele aweke alama pale mpira unapogusa ardhi mara ya kwanza, si unapotulia. Kiangazi tofauti ya mambo haya mawili inaweza kuzidi mita 10, na mtu anayehesabu mpaka mpira unapotulia atashangaa mvua zikianza. Toa mirefu miwili na mifupi miwili. Sita iliyobaki, chukua wastani wake. Hiyo ndiyo namba yako, andika kwenye skochi uibandike mpinini.

Usipime saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa sita. Baridi ya hapa asubuhi ile inauma vidole, na mpira wa baridi unapoteza mita kadhaa.

Unatafuta pengo la mita 10 hadi 12 kati ya fimbo na fimbo. Makosa mawili ndiyo yanayojirudia. La kwanza liko juu: namba 5 na namba 6 zinakwenda umbali mmoja. Watu hukimbilia kusema lofti imekosewa. Mara nyingi lofti iko sawa, kasi ya mwenye fimbo ndiyo haitoshi kuinua namba 5. Badilisha namba 5 kwa haibridi (fimbo ya kichwa kinene inayoinua mpira kwa urahisi), maisha yaendelee. La pili liko chini. Vyuma vingi vya kisasa vimekazwa lofti ili vionekane vinakwenda mbali. Namba 7 ya zamani ilikuwa na digrii 34 au 35, leo utaikuta na 28 au 30. Weji ya seti nayo inafuata, inakuja na 43 au 44. Wewe bado una weji ya mchanga ya digrii 56 uliyorithi. Kati yake kuna shimo la digrii 12, mita 25 au zaidi, na ndani ya shimo hilo ndimo unamopoteza mashindano, ukijaribu kupiga nusu nguvu. Nunua weji ya digrii 50. Una haki ya fimbo 14 tu begini, kwa hiyo toa ile namba 4 ambayo huigusi.

Hatua ya 5: Mpira unafika lakini hausimami

Lalamiko hili husikika kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, na mvua ikianza hulisikii tena. Hilo peke yake linakuambia chanzo.

Mpira husimama kwa sababu mbili: kushuka kwa pembe kali, na kuzunguka kinyumenyume. Kwa chuma cha kati, wapimaji hupenda kuona mpira ukishuka kwa digrii 45 hivi au zaidi, na mpira wa namba 7 ukizunguka mara elfu 6 hadi 7 kwa dakika. Angalia karatasi yako. Kama namba zako ziko chini sana ya hapo, fimbo zilichaguliwa kwa umbali, na hakuna hila itakayozifanya zisimamishe mpira kwenye grini ngumu. Tua mpira mbele ya grini uuache ubiringike. Wazee wa hapa wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani bila kuhitaji mashine.

Namba zikiwa nzuri na mpira bado unakimbia, uliza maswali ya bei nafuu kwanza. Mifereji ya uso ni safi? Vumbi letu jekundu likichanganyika na umande linajaa humo kama saruji. Brashi na maji kila baada ya pigo, taulo iwe na upande mmoja mbichi. Unachezea mpira gani? Mipira migumu ya bei rahisi huzunguka kidogo sana kwenye mapigo mafupi. Yenye gamba laini la yurethani hushika. Jaribu kubadilisha mpira kabla ya kubadilisha fimbo. Na ulipiga kutoka wapi? Majani yakiingia kati ya uso na mpira, hasa yakiwa mabichi, mpira hutoka na mzunguko mdogo, huruka mbali kuliko kawaida na kukimbia ukifika. Usimlaumu mtu yeyote kwa hilo. Chukua fimbo moja fupi zaidi.

Halafu soli. Chini ya kila chuma kuna tumbo linaloizuia fimbo isizame. Wenyewe huliita baunsi. Tumbo kubwa na soli pana ni neema masika, udongo ukiwa laini. Kiangazi fimbo hiyohiyo hudunda juu ya ardhi ngumu na kuugonga mpira kiunoni, nao unakwenda chini chini kwa kasi. Tazama makovu unayoyaacha ardhini. Kama huachi kovu kabisa na mipira mingi inagongwa chini ya uso, sogeza mpira nyuma kidogo, upana wa mpira mmoja basi, na uone. Mtu akikuambia ukaze lofti ili uongeze umbali, jua kwamba kila digrii moja ya lofti inayokazwa hula digrii moja ya baunsi. Utashukuru mwezi wa nane na kulia mwezi wa kwanza.

Hatua ya 6: Uzito na mpini

Hapa ndipo pana maneno mengi na ushahidi mchache. Herufi za ugumu wa mpini, R (wa kawaida) au S (mgumu), hazina kipimo kimoja cha dunia nzima. S ya kiwanda kimoja inaweza kuwa R ya kingine. Zipuuze, angalia gramu. Mpini wa chuma unaweza kuwa na gramu 95, unaweza kuwa na 130, na tofauti hiyo unaibeba mashimo yote 18.

Jaribio langu halihitaji mashine. Kwa raundi tatu, andika kila pigo la chuma: zuri, kulia, kushoto, fupi. Kisha linganisha mashimo sita ya kwanza na sita ya mwisho. Mtu anayepiga vizuri mpaka shimo la 12, kisha mipira yake inaanza kwenda kulia na fupi, amebeba mpini mzito mno kwa mwili wake. Kwa mpimaji alipiga mipira arobaini akiwa hajachoka, kwenye chumba chenye hewa baridi. Hakuna aliyepima shimo la 16 saa saba mchana.

Ukihisi kinyume, kwamba hujui kichwa cha fimbo kiko wapi na mikono inakimbilia, bandika utepe wa madini ya risasi gramu 4 nyuma ya kichwa. Gramu 2 hubadilisha uzito wa swingi (kichwa unavyokihisi kizito ukizungusha fimbo) kwa pointi moja, kwa hiyo 4 utazihisi. Alama za usoni zikikusanyika, umepata jibu kwa bei ya soda. Ubandike kabla ya raundi na uuache. Kuutoa au kuuongeza katikati ya mchezo ni kosa.

Vishikio

Vioshe kwa sabuni na maji kila mwezi. Nusu ya wanaoniletea "fimbo zinazoteleza" wanaondoka na vishikio vyao vilevile, vimeoshwa. Kuhusu unene: ukishika kwa mkono wa kushoto, vidole viwili vya kati viguse kiganja kidogo tu. Vikizama kiganjani kishikio ni chembamba. Visipofika, ni kinene.

Ukirudi kwa mpimaji

Nenda na picha kumi za alama za usoni, mistari mitano ya kila fimbo, umbali wako ulioupima kwenye nyasi, na daftari la raundi tatu. Usianze na "fimbo zako mbaya". Sema: "Nagonga katikati, lakini mstari unaelekea ncha kwenye namba 7, 8 na 9." Mpimaji anayejua kazi atazichukua fimbo bila maneno, kwa sababu umemletea kitu cha kupima. Abadilishe jambo moja tu kwa mara moja. Akigusa mlalo, mpini na kishikio siku moja, mpira ukinyooka hutajua ni kipi kilichonyoosha, na ukipinda tena utaanza upya.

Mwanachama wetu alilaza vyuma vyake digrii mbili, kuanzia namba 7 mpaka weji, akaziacha 5 na 6 kwa digrii moja. Kushoto kumekwisha. Sasa anasema namba 6 ni fupi. Nimemwambia asiniletee mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja zishike na ardhi ilainike. Wakati huo tutapima tena kwenye shimo lilelile, kwa mipira ileile.